Maktaba ya chuo chetu Tabora inakarabatiwa: tuanze na joto, soketi na saa za kufungua, kompyuta zije baadaye

Mkutubi wa Unyanyembe (mleta mada)

Wanabodi, mwangaluka.

Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Tabora mjini. Jina la chuo naliacha, maana hali nitakayoieleza wengi mtaitambua kwenye vyuo vyenu. Uongozi umekubali maktaba ikarabatiwe. Fedha si nyingi, ila za kuanzia zipo, na mchoro wa kwanza umeshaletwa mezani: ukuta mzima wa vioo upande wa mbele unaotazama magharibi, viyoyozi, chumba kikubwa cha kompyuta za mezani, mapokezi ya vigae vinavyong'aa. Kwenye karatasi unapendeza. Mimi naona utatumalizia hela na wanafunzi hawataingia, na nataka kueleza kwa nini kabla haujapitishwa.

Pita chuo chochote nchini saa kumi na moja jioni uangalie wanafunzi wako wapi. Wako kwenye vimbweta. Meza ya zege chini ya mwembe, watu sita wameizunguka, desa moja katikati, mmoja anafafanua, wengine wanambishia mpaka swali linaeleweka. Hatua chache kutoka hapo kuna maktaba yenye viti vitupu. Hao si wavivu wa kusoma. Wanasoma kweli, tena mpaka giza linapowafukuza. Wameamua tu kwamba ndani hapawafai.

Nimewauliza mmoja mmoja, kaunta na nje, na majibu yanarudi yaleyale. Ndani kuna joto. Ndani hairuhusiwi kuongea hata kwa kunong'ona, na wao kazi zao nyingi ni za kikundi. Soketi ni za kugombania. Begi unaacha nje kwenye rafu isiyo na mlinzi, sasa laptopu uiache wapi? Na mlango unafungwa wakati ambao mtu ndiyo kwanza ametoka kwenye kipindi cha mwisho, akala, akatulia.

Hakuna hata mmoja aliyeniambia shida ni kukosa ukuta wa vioo.

Nianze na joto, kwa sababu hapo ndipo mchoro unapokosea zaidi. Tabora tuko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua linapita karibu utosini mwaka mzima, asubuhi linapiga ukuta wa mashariki na alasiri linapiga wa magharibi. Ukuta wa kaskazini na wa kusini ndiyo unaopona. Anayeweka kioo kikubwa magharibi bila kivuli anaingiza jua la saa tisa ndani ya chumba, kisha ananunua viyoyozi vya kulitoa. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, umeme ukikatika mchana humo ndani hapakaliki.

Wazee wetu hili walilijua. Nenda Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone, uingie mchana wa Oktoba. Kuta nene za udongo, madirisha madogo, ubaridi. Sisemi tujenge tembe chuoni. Nasema kanuni ile bado inafanya kazi, na wapo walioiendeleza kwa majengo ya leo. Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso aliyepata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2022, alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando ikakamilika mwaka 2001. Aliweka dari ya matofali ya udongo, kisha paa la bati akaliinua juu yake na kuacha nafasi kubwa upepo upite katikati. Jua linachoma bati, na joto linaondoka na upepo kabla halijashuka kwa watoto. Jirani zaidi, Muyinga huko Burundi, kuna maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo wa kushindilia, chumba kirefu kwenda juu, matundu pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite.

Kwetu jengo lipo tayari, hatubomoi. Ila paa letu ni bati, na dari ya zamani imeshabomoka nusu. Mvua ikipiga hakuna anayemsikia mwenzake. Dari mpya yenye kizuia joto juu yake, matundu ya kutolea hewa ya moto kileleni mwa paa, vivuli vya nje kwenye madirisha ya magharibi, na feni. Feni ya dari inakula wati 60 hadi 75. Kiyoyozi kimoja cha BTU 18,000 kinakula zaidi ya feni ishirini za namna hiyo.

Mengine nitaendelea chini. Nataka kwanza kusikia mafundi, wanafunzi, na walioshuhudia ukarabati kama huu sehemu nyingine.

Fundi Isevya

Mkuu heshima kwako. Nimeshafanya kazi za majengo ya taasisi muda mrefu, nikuongezee mambo mawili ambayo kamati za wasomi huwa hazikumbuki.

La kwanza ni uzito. Vitabu ni vizito kuliko watu. Kwenye viwango vya uhandisi vya Marekani, sakafu ya chumba cha kusomea inahesabiwa kubeba kama kilo 300 kwa mita ya mraba, lakini sakafu ya chumba cha rafu za vitabu inahesabiwa kilo 730. Zaidi ya mara mbili. Sasa watu wakikarabati wanasema "vitabu vyote tupandishe juu, chini tuache nafasi ya wanafunzi." Kama ghorofa ile ilijengwa iwe ya kusomea, mnatafuta maafa. Kinyume chake hakina tatizo: vitabu vibaki chini, wasomaji wapande. Na ukuta wowote kabla hamjautoa ili mpate ukumbi mpana, mwiteni mhandisi aseme kama umebeba kitu.

La pili ni paa. Umesema bati, vizuri. Lakini majengo ya zamani mengi yana asbesto, kwenye paa au kwenye dari. Mkiona bodi ya dari ngumu ya rangi ya kijivu ambayo hamuijui, msiipige nyundo, msiikate msumeno, wala msiifagie kavu. Vumbi lake linaleta saratani, na haionekani leo wala kesho, inakuja baada ya miaka mingi. NEMC, baraza la mazingira la taifa, wanao utaratibu wa namna ya kuitoa na pa kuizika. Nimeona vijana wanaibomoa mikono mitupu na kitambaa puani, na inaniuma mpaka leo.

Binti Urambo

Mimi niko mwaka wa pili, chuo kingine hapahapa Tabora. Mkutubi, asante sana kwa kuuliza, maana sisi huwa tunaona tu jengo limepigwa rangi.

Kuhusu saa za kufungua naomba niongeze. Tuseme maktaba ifunge saa nne usiku. Mimi naishi geto Ipuli. Nitarudije? Wavulana watabaki, sisi tutaondoka saa kumi na mbili kama kawaida, halafu mtasema wasichana hawatumii maktaba usiku. Kwa hiyo saa za usiku ziende pamoja na taa kuanzia mlangoni hadi getini, mlinzi, na kama chuo kina basi basi lizunguke hata mara moja usiku. Na vyoo. Maktaba yetu choo cha wanawake kinafungwa kwa kufuli, ufunguo anao mtu ambaye jioni hayupo.

Halafu wakati wa mitihani kitabu cha kozi kipo kimoja na tuko darasa zima. Anayekichukua wa kwanza anakaa nacho wiki mbili. Hilo linatuumiza kuliko joto.

Mkutubi wa Unyanyembe

Mdogo wangu Binti Urambo, la choo na la njia ya kurudi nimeyaandika na nitayapeleka kama ulivyoyasema. Mchoro una mapokezi ya marumaru na hauna taa hata moja nje ya jengo.

La kitabu kimoja lina dawa ya zamani ambayo maktaba nyingi zimeiacha: rafu ya vitabu vya kozi nyuma ya kaunta, vinaazimwa kwa saa mbili, havitoki nje mpaka maktaba inapofungwa, na ukikichukua usiku unakirudisha asubuhi mlango ukifunguliwa. Haihitaji mfadhili. Inahitaji mhadhiri alete orodha ya vitabu vya kozi mapema, na mkutubi awe mkali.

Fundi, la uzito limenishtua kidogo, maana pendekezo la kupandisha rafu juu lipo kwenye mchoro. Nitaomba mhandisi atazame sakafu kabla ya jambo lolote. Umenisaidia pia kwenye jambo nililokuwa nalitaka kwa sababu nyingine: chini pawe pa kuongea, juu pawe pa kimya. Ila sasa rafu zikibaki chini itabidi tuzitumie zenyewe kama ukuta wa sauti. Rafu iliyojaa vitabu inameza kelele vizuri sana. Upande wa mlangoni vikundi, katikati rafu, nyuma na ghorofani kimya.

Nafasi ya vikundi ndiyo nayoipigania kuliko zote. Meza ya watu sita hadi wanane, ubao mweupe ukutani, soketi mezani, na ruhusa ya kuongea. Kimbweta kimeingia ndani. Na vile vya nje visiachwe: baraza la upande wa kusini liezekwe, livutiwe taa na soketi zisizoingia maji, intaneti ifike mpaka chini ya miembe. Maktaba iishie pale kivuli kinapoishia.

Meza tusiagize mbali. Tabora ndiko kwenye mninga na mkurungu, na mafundi seremala wapo. Meza ya mninga iliyotengenezwa vizuri itatumiwa na wajukuu wa hawa wanafunzi. Zile za mbao za vumbi zilizobanwa kwa gundi mguu ukilegea unatupa.

Soketi nimepiga hesabu. Laptopu ikichaji inakula kama wati 50. Laptopu 60 kwa pamoja ni kilowati 3. Taa za mirija za zamani tulizo nazo zinakula wati 36 hadi 40 kila moja, za LED za urefu uleule wati 18. Ukibadilisha taa zote umeshapata sehemu ya umeme wa kuchajia. Sola na betri kwa ajili ya taa, feni za vyumba vya kusomea na kifaa cha intaneti ni jambo linalowezekana. Sola ya kuendesha viyoyozi ni habari nyingine kabisa.

Na kwa kuwa wanafunzi wana laptopu na simu zao, chumba kikubwa cha kompyuta za mezani cha nini? Kompyuta chache nzuri za kutafutia vitabu na za wasio nazo zinatosha kuanzia. Zile nyingine baada ya miaka mitano zitakuwa masanduku.

Msomi wa Ng'ambo

Mleta mada nakuheshimu lakini sikubaliani na msingi wa hoja. Maktaba ya chuo ya nini leo? Kila kitu kipo kwenye simu. Mwanafunzi anapakua kitabu kwenye kundi la WhatsApp, akikwama anaiuliza akili mnemba inamjibu papo hapo. Hizo fedha wangenunua bando kwa kila mwanafunzi ingekuwa na faida zaidi.

Mkutubi wa Unyanyembe

Kaka, hoja yako ndiyo nayoisikia kwa baadhi ya wakubwa pia, kwa hiyo nitaijibu kwa uzito wake.

Bando linaisha. Na hata lisipoisha, mwanafunzi anayekaa geto la watu wanne hana meza. Ana kitanda. Anayesoma amelala na simu usoni hawezi kuandika ripoti ya utafiti ya kurasa sitini. Kiti, meza, mwanga na utulivu havipakuliki.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizindua maktaba mpya Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, inayoingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja na yenye nafasi ya vitabu 800,000. Simu zilikuwepo tayari. Watu wanatafuta pa kukaa.

Kuhusu vilivyomo kwenye simu: makala za kitaaluma nyingi zimefungwa, ukibonyeza unaombwa dola. Lakini nchi kama yetu tuna mlango ambao vyuo vingi havijaufungua. Mpango wa Research4Life, ulioanzia kwenye Hinari ya masuala ya afya mwaka 2002, unazipa taasisi za nchi za kipato cha chini maelfu ya majarida bila malipo. Chuo kinajisajili, mkutubi anapewa nywila, anawafundisha watu kutafuta. Mwanafunzi mmojammoja hawezi kujisajili mwenyewe, lazima apitie taasisi yake. Yaani hicho unachosema kipo kwenye simu, njia yake inapita kwa mkutubi.

Akili mnemba inaandika kwa kujiamini hata inapobuni kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Wanafunzi wananiletea kaunta marejeo ya namna hiyo na kuniomba niwatafutie. Hatuyapati kwa kuwa hayapo. Kazi ya kuwafundisha kupima kipi cha kuamini imeongezeka mikononi mwetu, haijapungua.

Lipo pia jambo ambalo intaneti haitakupa kamwe. Kabatini kwetu kuna ripoti za utafiti za wanafunzi waliopita: ufugaji nyuki, tumbaku na ukataji wa miombo, shule za Uyui na Sikonge, methali za Kinyamwezi walizokusanya kwa wazee ambao wengine hawapo tena. Nakala mojamoja, mchwa wanazinyemelea. Hizo hazipo kwenye simu ya mtu yeyote duniani. Skana moja na programu huria kama DSpace, inayotumiwa na vyuo vikuu vingi kuhifadhi tafiti zao, na mwanafunzi wa Urambo atasoma alichoandika mwenzake wa miaka kumi nyuma badala ya kurudia kazi ileile. Kwangu hiki ndicho kisasa cha kwanza cha kununua, kabla ya kioo chochote.

Msomi wa Ng'ambo

Hapo kwenye ripoti za wanafunzi umenikamata. Yangu ipo humohumo kwenye kabati la chuo fulani na mimi mwenyewe nakala sina. Endelea mkuu.

Nuru ya Furaha

Habari zenu wote. Mimi sioni. Nilianza shule Furaha, shule ya wasioona hapa Tabora, na mkoa huu watu kama sisi tuliosoma ni wengi, kwa hiyo vyuo vya hapa havina kisingizio cha kutokututarajia.

Naandika uzi huu kwa simu inayonisomea kwa sauti. Kwenye kompyuta natumia NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo ni ya bure. Kuiweka haigharimu chochote ila bado nakuta maktaba hawajaiweka hata kwenye kompyuta moja. Naomba iwekwe kwenye zote, sio ile moja ya "wasioona" iliyofichwa pembeni ambayo kila mara ina mtu mwingine.

Mkiskana hizo ripoti, msiziskani kama picha tu. Picha programu yangu haisomi. Pitisheni kwenye programu ya kutambua maandishi ili ziwe matini. Na vitabu vya kozi pia: Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, ambao unalenga kuruhusu vitabu kugeuzwa katika mfumo tunaoweza kusoma bila kusubiri ruhusa ya kila mchapishaji. Wakutubi wengi hawajausikia.

Njia ya mteremko mlangoni: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Rafiki yangu wa kiti cha magurudumu alijengewa ya mwinuko mkali akaanguka kinyumenyume. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Na kama ghorofani hakuna lifti, basi chochote kilichopo juu kipatikane na chini, ikiwemo sehemu ya kimya. Sisi ndio tunaohitaji kimya kuliko wote.

Mkutubi wa Unyanyembe

Dada Nuru, shikamoo na asante. Hilo la mwisho linanibadilishia mpango: nilikuwa nimeweka kimya chote nyuma na juu. Kitatengwa chumba kimoja cha kimya chini, karibu na mlango, chenye kompyuta yenye NVDA na mlango wa kutosha kiti cha magurudumu. Na la kuskani kwa matini nitaliandika kwenye mkataba wa atakayefanya kazi hiyo.

Mwambao wa Ujiji

Salamu kutoka Kigoma. Huku tuna jambo tofauti kidogo. Chuo kikuu cha Muhimbili wanapata kampasi mkoani kwetu kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Kwa hiyo huku ni kuanza upya, nyie mna la kurithi. Nakushauri ulithamini hilo la kurithi.

Swali langu: vitabu vya zamani mtavifanyaje? Mimi nimeona maktaba moja, siitaji, ilivyokarabatiwa. Vitabu vilimwagwa uani kwenye turubai, mvua ya kwanza ikavikuta. Huku kwetu unyevu wa ziwa peke yake unatosha kuleta ukungu.

Mkutubi wa Unyanyembe

Ndugu wa Ujiji, umegusa penye kidonda cha kila mkutubi.

Kupunguza vitabu ni lazima. Rafu zetu zimejaa vitabu vya kompyuta vinavyofundisha mifumo iliyokufa, vitabu vya sheria vilivyopitwa na marekebisho, na misaada iliyoletwa kwa maboksi kutoka ng'ambo bila mtu kuuliza tunafundisha nini. Hivi vinakula nafasi ya wanafunzi na vinamdanganya anayevifungua. Lakini kupunguza kufanywe na mkutubi pamoja na mhadhiri wa somo, kitabu kwa kitabu, kisha kamati ya mali isaini. Mkandarasi asipewe kazi ya kuamua kipi ni takataka.

Kuna vya kutoguswa. Chochote cha 967.8 kwenye Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, yaani historia ya nchi hii. Chochote cha 896.392, fasihi ya Kiswahili, hata kama kava limechanika. Matoleo ya jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, ambayo maktaba nyingi zinayo vipande vipande na hazijui thamani yake. Ripoti za wilaya, ramani, vitabu vidogo vya wamisionari vya Kinyamwezi. Hivi vikitupwa hapa Tabora vimetupwa moja kwa moja.

Orodha kabla ya kuhama. Bado tunatumia kadi kwenye droo, na baadhi ya kadi zinaonyesha vitabu ambavyo hakuna anayevikumbuka. Koha, programu huria ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, haina malipo ya leseni. Kinachohitajika ni kompyuta ya kuihifadhi, mashine ya kusoma ile mistari myeusi ya nyuma ya kitabu, na mikono ya kuingiza taarifa. Kitabu chenye ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitabu, unaivuta taarifa yake kutoka maktaba kubwa za nje, huandiki upya. Vya zamani visivyo na ISBN utaandika kwa mkono. Wanafunzi wa ukutubi wa Bagamoyo huja kwa mafunzo ya vitendo, na hii ndiyo kazi ya kuwafundishia.

Orodha ikiwa kwenye kompyuta na mlango wa kutokea ukawa mmoja wenye mtu anayekagua, mabegi yaingie ndani. Kumzuia mwanafunzi na laptopu yake nje kwa kuhofia kitabu kuibiwa ni kumfukuza. Nisieleweke vibaya kuhusu mlango mmoja: ya dharura lazima iwepo mingine, inayofunguka kwa kusukuma kutoka ndani bila ufunguo. Leo madirisha yote yana nondo na mlango wa nyuma una kufuli. Nikifikiria moto humo ndani silali.

Mhasibu Mstaafu Cheyo

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi niliandika bajeti za taasisi maisha yangu yote. Sehemu inayoua miradi hii haijatajwa. Ukarabati unapewa fungu, uendeshaji haupewi. Jengo linafunguliwa kwa sherehe, mwaka wa pili feni tatu hazizunguki, mwaka wa tatu intaneti imekatwa kwa deni, mwaka wa nne betri za sola zimekufa. Mkutubi, usipitishe mchoro wowote usio na ukurasa wa gharama za kila mwaka: intaneti, betri, taa, mshahara wa mtu wa zamu ya usiku, vitabu vipya. Kama chuo hakiwezi kulipia zamu ya usiku, zile taa za nje za Binti Urambo zitakuwa zinamulika mlango uliofungwa.

Mkutubi wa Unyanyembe

Shikamoo mzee wangu. Ukurasa huo nitauandika wikiendi hii, na nitakuomba uupitie kama utaniruhusu.

Kwa wote: nimekusanya maoni yenu na nitayapeleka kwa mpangilio huu. Likizo ndefu ya mwaka huu tushughulikie paa, dari, vivuli vya magharibi, milango ya dharura na nyaya za umeme. Nyaya zikaguliwe kabla ya soketi mpya hata moja, kwa sababu za sasa zilitandazwa kwa ajili ya taa tu. Wakati huohuo kazi ya Koha iendelee kwenye darasa tutakaloazima. Vitabu vitakaa humo juu ya mbao zilizoinuliwa, si sakafuni na si kuegemea ukuta, na fundi wa dawa ya mchwa apite kabla ya boksi la kwanza kuingia. Kila boksi litaandikwa namba ya rafu lilikotoka. Vitabu vya kozi vitabaki vikiazimwa kutoka humohumo. Maktaba haifungwi hata siku moja.

Muhula ukianza, meza za vikundi, mwanga na soketi. Mwanga nataka tupime: viwango vya Ulaya vinataka luksi 500 juu ya meza ya kusomea na 200 kwenye rafu, na kipimo kipo hata kwenye simu kwa makadirio. Zamu ya usiku ianze siku hiyohiyo, sio "tutaona baadaye". Ukuta wa vioo na mapokezi nimependekeza viondolewe kabisa, na fedha zake ziende kwenye taa za nje, vyoo, skana na njia ya mteremko.

Kamati inakaa wiki ijayo. Fundi Isevya, naomba unitumie kwa ujumbe wa faragha maelezo ya ile dari ya kijivu niitazame kabla ya kikao, maana chumba cha nyuma kuna bodi ambazo hakuna hapa anayejua ni za nini. Na kama kuna mwanafunzi wa Tabora anayesoma hapa na bado hajasema lake, aandike leo.

Binti Urambo

La mwisho kutoka kwangu: sehemu ya kunywea maji. Maktaba nzima hakuna.

Mkutubi wa Unyanyembe

Limeandikwa. Litakaa karibu na mlango, mbali na rafu.